Bibi Arusi Jikoni

Watoto wengi hudhani ya kuwa mwanamke huzaliwa na ujuzi wa kupika, kama bata azaliwavyo na ujuzi wa kuogelea. Sivyo. Kupika ni elimu, nayo hufundishwa na kujifunzwa kama hesabu, tena ina makosa yake na machozi yake. Katika somo hili nitawasimulia jinsi mke wangu alivyojifunza kupika nyumbani kwa mama yangu, katika miezi ya kwanza ya ndoa yetu. Mwenyewe amenipa ruhusa niandike yote, kwa sharti moja tu, kwamba nisiache habari za uji wangu. Nimekubali, nanyi mtazisoma mahali pake.

Mimi ni mtu wa Bonde, nchi iliyo nyuma ya Tanga, karibu na Muheza. Kwetu minazi ni mingi, na mtu asiyetia nazi katika mboga yake huulizwa kama ana msiba. Mke wangu ni mtu wa Bukoba, magharibi ya Ziwa Victoria. Huko chakula cha watu ni ndizi. Migomba huzunguka nyumba pande zote, na mwenye nyumba hupita chini ya majani yake kabla hajaufikia mlango. Tena mke wangu alikaa shule ya bweni tangu utotoni, na katika shule ile wanafunzi waliletewa chakula kimekwisha pikwa. Aliporudi kwao wakati wa likizo, mama yake, kwa kuona fahari ya mtoto asomaye, alimwambia, “Wewe shika kitabu, jiko niachie mimi.” Basi alijua kupika ndizi na maharagwe, wala hakujua zaidi. Tulionana katika chuo cha ualimu, na katika hesabu alinishinda kila mtihani.

Arusi ilipokwisha tulikwenda kukaa kwa mama yangu, kwa kuwa nyumba ya mwalimu niliyopewa ilikuwa haijaezekwa. Bibi arusi akakaa ndani fungate yake, yaani siku saba, asifanye kazi yo yote. Siku ya nane mama alimwita jikoni. Wifi zake wawili walikuwapo, na jirani mmoja mwanamke aliyekuja kuomba moto, maana mkwe mpya akifika mahali, moto wa majirani wote huzimika.

Mama akasema, “Mwanangu, leo tutapika wali wa nazi. Kaniletee mbuzi nyuma ya jiko, tuanze.”

Mke wangu akajibu, “Bee, mama,” akatoka.

Sasa fikirini, nyuma ya jiko palikuwa na mbuzi wawili. Wa kwanza ni ile mbuzi mnayoijua ninyi watoto wa pwani, kigoda kidogo chenye ulimi wa chuma wenye meno, ambacho mtu hukikalia akakuna nazi. Hiyo ilikuwa imeegemezwa ukutani. Wa pili alikuwa mbuzi jike wa mama, amefungwa katika mpera, mkaidi kupita kiasi. Mke wangu kwao hakupata kuona nazi ikikunwa. Alipoambiwa mbuzi, aliona moyoni mwake ya kuwa amefika katika nyumba ya watu wakarimu sana, ambao humchinjia mkwe wao mbuzi siku ya kwanza ya kuingia jikoni. Akamfungua.

Tulikaa kitambo tukisikia vishindo. Ndipo akatokea mlangoni, kanga imeshuka mabegani, ameshika kamba kwa mikono miwili, na mbuzi ametangulia. Mbuzi aliona ungo wa mchele uliokwisha chambuliwa, akautia kinywa mara moja. Mke wangu akasema kwa adabu, “Mama, mbuzi ndiye huyu. Kisu nikitwae wapi?”

Mama yangu ni mtu mwema, wala sikupata kumwona akimdharau mtu. Lakini siku ile alicheka mpaka akaketi chini. Wifi walicheka, na jirani alicheka akasahau moto aliokuja kuomba. Nami pia nilicheka, sitalificha jambo hilo. Mke wangu alitutazama mmoja mmoja, akaiacha kamba, akaingia chumbani. Nazi ikakunwa na tui likakamuliwa naye hayupo, akilia kitandani. Basi kazi ile aliyoitiwa aione hakuiona hata kidogo.

Jirani aliichukua habari akaenda nayo kisimani. Jioni ya siku ile hapana mtu kijijini asiyeijua. Hata watoto wa shule yangu mwenyewe, mke wangu akipita, walijificha nyuma ya ua na kulia “mee”. Mmoja wao leo ni mtu mzima mwenye watoto, simtaji jina, lakini akisoma kitabu hiki atajijua.

Tangu siku ile mke wangu alikata shauri, wala hakuniambia. Alikata shauri kwamba katika nyumba ile hatauliza neno lo lote tena. Kila alichoambiwa alijibu, “Bee, mama,” akafanya kama alivyodhani. Mama naye aliona ni heshima, akafurahi kupata mkwe mwenye adabu asiye na maneno mengi.

Juma la pili mama alikwenda matangani, akatazamia kurudi na wageni. Akamwagiza mke wangu hivi: “Pika wali wa nazi, mchele pishi moja. Maji tia kiasi. Chumvi kiasi. Tui liwe zito kiasi, na moto uwe wa kiasi. Ukikauka, palia.”

Pishi mnaijua, ni vibaba vinne. Lakini hiyo “kiasi” ni kipimo gani? Mke wangu aliyapima hayo akilini mwake kama afanyavyo mtu wa hesabu, akaona ameambiwa kiasi mara nne, na mara zote nne hakupewa tarakimu. Angaliweza kuuliza. Akasema, “Bee, mama.”

Akapasua nazi nne. Maji yaliyotoka ndani aliyakinga katika bakuli, akafurahi kuona ni mengi, kwa kuwa alidhani hayo ndiyo tui. Nyama ya nazi akaiweka kando, akaona haina kazi. Msicheke sana. Mtu aliyezaliwa na ng'ombe huona maziwa yakitoka katika kiwele, wala hayafuati katika mfupa wala katika nyama. Basi kwa nini asidhani ya kuwa maziwa ya nazi ni yale maji yaliyomo? Tui halimo katika maji hayo. Limo katika ile nyama nyeupe, ambayo hukunwa, hutiwa maji ya uvuguvugu, hukamuliwa kwa mkono na kuchujwa katika kifumbu. Mkamuo wa kwanza ni tui zito, lenye mafuta mengi, nalo huwekwa kando mpaka mwisho. Mkamuo wa pili na wa tatu ni tui jepesi, na hilo ndilo la kuchemshia. Mtu akilitia zito mapema juu ya moto mkali, asikoroge, mafuta hujitenga na maji. Ndipo watu wasemapo kwamba tui limekatika.

Vyungu vya mama aliviogopa asivivunje. Akatwaa sufuria ndefu nyembamba tuliyozoea kuchemshia chai ya wageni. Mmoja katika wifi zake aliwahi kusema kwamba maji yapande juu ya mchele pingili moja ya kidole, basi akatia mchele wote, akatia maji ya nazi na maji ya mtungi, akapima kidole, akaona ni pingili moja kamili. Akasukuma kuni zote ndani, moto ukavuma.

Likabaki neno la mwisho, “Ukikauka, palia.” Kupalia alikujua vizuri, ni kulima magugu. Akafikiri kwamba mama hataki akae bure wakati mchele unapokauka, akatwaa jembe, akaenda bustanini kupalia mchicha. Alikuwa amemaliza tuta la pili alipoipata harufu.

Ninyi mnaosoma habari hii mwajua ya kuwa kupalia wali ni kuondoa kuni chini ya chungu na kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko, ili wali uive kwa joto la juu na la chini. Mke wangu alipofungua sufuria alikuta wali wa tabaka tatu. Chini ulikuwa mweusi kama makaa. Juu ulikuwa mchele mbichi, wenye joto tu. Na katikati, kiasi cha kiganja kimoja, palikuwa na wali mzuri kabisa, ambao hata leo mke wangu hataki niusahau katika hesabu.

Sababu yake ni hii. Punje ya mchele ni kavu, nayo imejaa wanga. Ikipata maji na moto hunywa, huvimba na kulainika. Kibaba kimoja cha mchele huhitaji maji karibu vibaba viwili. Mengine hunywewa na punje, mengine hupaa yakawa mvuke. Pingili ya kidole ni kipimo cha kweli, lakini ni kipimo cha chungu cha mama, kilicho kipana, ambamo mchele wa watu wa nyumbani hulala chini usizidi pingili mbili. Katika sufuria ile nyembamba mchele ulisimama pingili saba, na juu yake maji pingili moja. Kidole ni kile kile, lakini maji ya mgao wa kila punje hayakufika hata nusu ya yaliyotakiwa. Wa chini ulinywa yote ukakauka ukaungua, na wa juu haukupata kitu. Tena ulipovimba uliinua kifuniko, na mvuke, ambao ungaliweza kuusaidia ule wa juu, ulikwenda zake.

Mke wangu alichimba shimo nyuma ya migomba, akauzika wali wote. Wageni walipofika walipewa chai na ndizi mbivu, nao walisifu. Lakini kesho yake mama aliona kuku wake wote wamekusanyika nyuma ya migomba wanakula karamu. Alikwenda, akatazama, akarudi kimya. Alidhani kunyamaza ni hisani kwa mkwe wake. Basi nyumbani mwetu palikuwa na wanawake wawili wenye adabu sana, kila mmoja amenyamaza kwa ajili ya mwenzake, na kunyamaza kule karibu kutuletee msiba.

Shamba la mama lilikuwa na muhogo wa namna mbili. Karibu na nyumba palikuwa na muhogo mtamu, ambao huchemshwa ukaliwa siku hiyo hiyo. Mbali, kando ya pori, palikuwa na muhogo mchungu. Watu wa kwetu huupanda huo makusudi, kwa kuwa nguruwe na nyani huuacha, na ukiisha kulowekwa na kuanikwa hutoa unga wa ugali. Mke wangu muhogo aliujua, lakini wa kwao ulikuwa mtamu, umepandwa kati ya migomba. Habari za mchungu hakuna aliyemwambia, maana mtu wa Bonde hawezi kufikiri kwamba yuko mtu mzima asiyezijua.

Mama alikwenda kumtazama mgonjwa. Akasema, “Watoto wakirudi shuleni, wachemshie muhogo.” Mke wangu akaitikia kama kawaida yake. Alipofika shambani aliona mashina ya karibu ni membamba, na ya mbali ni manene, akayafuata yale manene. Akang'oa, akarudi, akamenya, akatia chumvi kiasi, na siku hiyo kiasi chenyewe kilimjia vizuri. Chungu kikatokota. Watoto wa dada yangu, wanne, waliketi wakingoja na sahani zao. Yule mdogo hakuweza kungoja. Alipewa kipande ili aache kulia.

Mama aliingia uani wakati huo huo. Hakutazama chungu kwanza. Alitazama mashina yaliyotupwa mlangoni, akayajua kwa rangi yake. Sikupata kumwona mama akikimbia kabla ya siku ile. Alimpiga mtoto mkononi, kipande kikaanguka, akamtia kidole kinywani akatoa alichotafuna. Kwa bahati kilikuwa kichungu, na mtoto alikuwa ameanza kukitema mwenyewe. Akauliza kila mtoto kwa jina, “Umekula? Umekula?” Hawakuwa wamekula. Chungu kikamwagwa chooni. Mama akampakata yule mdogo mpaka jua likachwa, akimsikiliza pumzi zake, asiseme na mtu. Mke wangu alisimama karibu na ukuta, naye alitetemeka.

Yafaa myajue mambo haya vizuri, kwa kuwa muhogo ni chakula cha watu wengi katika Afrika. Ndani ya mzizi wa muhogo mchungu mna sumu iliyofungwa, haijawa kali bado, na mahali pengine mle mle mna kitu kiwezacho kuifungua. Muhogo ukikwaruzwa, ukipondwa au ukilowekwa siku 3 au 4 mpaka ukalainika, vitu hivyo viwili hukutana, sumu ikafunguliwa, ikatoka pamoja na maji, na nyingine ikapaa hewani. Sumu hiyo huitwa sayanaidi. Baada ya hapo muhogo huanikwa juani hata ukauke kabisa, ukatwangwa. Lakini mtu akiuchemsha muhogo mchungu ungali mbichi, moto hukiharibu kile kifunguacho kabla hakijafanya kazi yake, na sehemu kubwa ya sumu hubaki imefungwa, ikafunguliwa baadaye tumboni mwa mlaji. Aliyeula huumwa kichwa na tumbo, huona kizunguzungu, hutapika, hupumua mbio, na aweza kufa, hasa mtoto.

Tena iko hatari ya namna nyingine ijayo polepole. Mwaka 1981 katika jimbo la Nampula, huko Msumbiji, wakati wa ukame, watu waliishiwa na chakula kingine, wakala muhogo mchungu bila kuungoja ukomae katika maji na jua. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walishikwa na ugonjwa wa miguu, ikakakamaa wasiweze kutembea kama kwanza. Mwaka 1985 ugonjwa uo huo ulionekana kwetu Tanzania, katika wilaya ya Tarime. Huitwa konzo, jina lililotoka Kongo, nalo ni la miguu iliyofungwa. Miguu hiyo haifunguki tena. Basi mwanamke alowekaye muhogo siku 4, na watoto wake wana njaa siku ya 2, hafanyi hivyo kwa uvivu.

Jioni ile mama alimwita mke wangu, nami nikaitwa pia.

Mama akauliza, “Mwanangu, shamba ni kubwa, nawe ni mgeni. Kwa nini hukuniuliza ni muhogo upi?”

Mke wangu akainama. Kisha akasema, “Mama, naliogopa kuchekwa.”

Mama alinyamaza muda mrefu. Mwisho akasema, “Basi kosa la leo ni la yule mbuzi, na aliyecheka ni mimi. Nisamehe, mwanangu. Katika jiko hili uliza hata kama ni jina la maji.” Akanitazama mimi, akaongeza, “Na wewe ulicheka.” Nikasema ni kweli.

Kuanzia kesho yake mambo yalibadilika. Mke wangu alileta daftari jikoni, akaanza kuuliza, na maswali yake hayakuwa na mwisho. Ile “kiasi” ndiyo iliyomsumbua zaidi, kwa kuwa mama mwenyewe hakuweza kuieleza. Akiulizwa chumvi ni kiasi gani, husema, “Kiasi cha kutosha.” Ndipo mke wangu akavumbua njia yake. Kila mama alipotaka kumimina maji chunguni, yeye hutanguliza kikombe chini ya kata, akahesabu vikombe, akaandika, kisha akayamimina. Kila mama alipochota chumvi, humwomba aiweke kwanza katika kijiko. Mama aliona ni mchezo wa watoto wa shule, lakini alivumilia.

Baada ya siku kumi daftari lilionyesha jambo la ajabu. Mkono wa mama, usiojua kusoma tarakimu, ulikuwa ukitoa kipimo kile kile karibu kila siku, haukukosea hata nusu kikombe. Isipokuwa siku mbili, ambapo mchele ulikuwa ule ule kwa wingi, na maji yalipungua kikombe kizima. Mke wangu alidhani amepata kosa la mama. Akauliza.

Mama akacheka kidogo, kisha akakumbuka, akaacha. Akasema, “Huu wa siku mbili hizi ni mchele mpya, umevunwa juzi. Mchele mpya una maji yake ndani. Ukiupa maji ya mchele wa mwaka jana utapata mashendea.”

Mashendea ni wali ulioteketea kwa maji. Mke wangu akaandika maneno hayo, akapiga mstari chini yake. Akajifunza pia kuusikiliza wali, kwamba unapochemka una sauti moja, na maji yakipungua una sauti nyingine, kama mtu anong'onaye. Sauti hiyo ndiyo inayosema palia. Hili halikuandikika katika daftari. Alilipata kwa kukaa karibu na moto.

Sasa nalipa deni langu. Katika mwezi wa tatu mke wangu alishikwa na homa. Mama hakuwapo asubuhi ile, alikuwa kisimani, nami nikaona ni wajibu wangu kumpikia uji. Niliwahi kusahihisha madaftari mia kwa usiku mmoja. Uji ni nini? Nikachemsha maji, yalipotokota nikayamwagia unga wa mahindi vibaba viwili kwa mara moja, nikakoroga kwa nguvu. Mwiko uligota. Uji ulikuwa umejaa madonge kama mayai ya njiwa, na kati ya madonge maji matupu. Nikapasua donge moja, nikakuta ndani unga mkavu, haujaloa hata kidogo. Wanga huanza kuvimba maji yakifika digrii 60 hadi 70 hivi, kabla hayajachemka. Basi unga ukianguka ghafula katika maji yatokotayo, nje yake huiva mara moja ikawa kama ngozi, na maji hayapati njia ya kuingia ndani. Dawa yake ni kuukoroga unga kwanza kwa maji baridi mpaka ulainike wote, ndipo uumimine polepole katika yale ya moto. Haya nayajua sasa. Siku ile nilichukua jiwe la kusagia nikajaribu kuyaponda madonge.

Nilipogeuka mama alikuwa mlangoni, na mtungi kichwani. Aliutazama mwiko, akalitazama jiwe. Midomo yake ilicheza, lakini alikuwa amekwisha kuweka nadhiri ya kutomcheka mtu jikoni. Akautua mtungi taratibu, akatoka, akaenda mpaka mperani, ndipo nikamsikia. Nilimpelekea mke wangu bakuli. Akaliangalia, akaniuliza kwa sauti ya mgonjwa, “Mwalimu, huu niunywe au niutafune?”

Nyumba yetu ilipokwisha ezekwa tulihama, lakini kabla ya kuhama mke wangu alitaka kuwapikia chakula cha kwao. Akatafuta ndizi mbichi, akazimenya, akatandika majani ya mgomba chunguni, akapanga ndizi na maharagwe yaliyokwisha chemshwa, akafunika kwa majani mengine, akayabana pande zote kama mtu amfunikaye mtoto. Mama aliketi kando, anatazama kila jambo, kwa kuwa namna ile alikuwa hajapata kuiona. Chakula kilipoiva alionja, akaonja tena, akaomba afundishwe.

Akauliza, “Mwanangu, maji umetia kiasi gani?”

Mke wangu alifikiri. Daftari lilikuwa mkononi mwake, lakini habari za ndizi hazikuwamo, maana ndizi hakupata kuzipima.

Akasema, “Kiasi, mama.”

Jirani yetu alikuwapo siku hiyo pia. Moto wake ulikuwa umezimika.